Saini ya Daktari Bingwa

Juni 11, 2018, Charlotte Caldwell alitua Heathrow, London, akitokea Toronto. Alikuwa na mwanawe Billy, wa miaka 12, na mzigoni alikuwa na mafuta ya bangi ya kumtosha mtoto kwa miezi sita. Hakuyaficha. Maofisa wa forodha wakayachukua, mama na mwana wakatoka nje ya uwanja mikono mitupu. Siku nne baadaye Billy alikuwa amelazwa katika hospitali ya Chelsea and Westminster, kifafa kikimpanda tena na tena. Juni 16, siku ya Jumamosi, Sajid Javid, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alitoa kibali cha dharura cha siku 20, na dawa ikarudishwa kwa mtoto.

Kinachonigusa katika kisa hiki ni nani aliyetoa ruhusa. Billy alikuwa na madaktari. Mwaka uliotangulia, daktari wa familia huko kwao Ireland ya Kaskazini alimwandikia mafuta hayohayo kupitia NHS, yaani Huduma ya Taifa ya Afya, mpaka Mei 2018 wizara ilipomwamuru aache. Wizara hiyo si ya Afya. Ni ile inayosimamia polisi, mipaka na wahamiaji. Kwa hiyo waziri wa polisi ndiye aliyeamua kama mtoto wa miaka 12 apewe dawa yake ya jioni au asipewe.

Sura hii inahusu saini hiyo: ilitoka wapi, ikahamia kwa nani, na kwa nini ilipofika mkononi mwa daktari kalamu ikakataa kuandika.

Kwetu mtoto mwenye kifafa alikuwa haachwi peke yake karibu na jiko. Nilisoma darasa moja na msichana mwenye kovu la moto kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Alianguka akisonga ugali. Bangi nayo tuliijua kwa jina la aibu. Neno lenyewe lilikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, wanakoiita bhang, likazoea midomo yetu hadi likawa tusi. Kumwambia mtu kwamba mwanao mgonjwa anatibiwa kwa bangi ni kumpa mshtuko kwanza na habari baadaye. Waingereza nao wana mshtuko huohuo kwa maneno yao.

Lakini mmea huu una kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza huitwa THC kwa kifupi. Ndiyo inayolevya, na Raphael Mechoulam na wenzake waliitenga nchini Israeli mwaka 1964. Ya pili ni CBD. Hii hailevyi, na ndiyo iliyoonyesha kwa majaribio makubwa ya kitabibu kwamba inapunguza mishtuko katika aina fulani za kifafa sugu. Sugu, kwa sababu takribani mgonjwa mmoja katika kila watatu wa kifafa hatulizwi na dawa za kawaida, hata zikibadilishwa na kuchanganywa. Wazazi tutakaowasoma hapa wanatoka katika theluthi hiyo. Hawakuikimbilia bangi kwa kupenda miti shamba. Walikuwa wamekwisha kumaliza kabati zima la dawa.

Alfie Dingley wa Kenilworth, katikati ya Uingereza, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa na kifafa cha nadra kinachotokana na jeni iitwayo PCDH19, na kilimjia kwa makundi: wiki mbaya ilifikisha mishtuko 150. Kila kundi lilimpeleka hospitali kwa sindano za steroidi zenye madhara makubwa. Septemba 2017 mama yake, Hannah Deacon, na baba yake walihamia naye Uholanzi, ambako daktari wa watoto angeweza kumwandikia mafuta ya bangi bila kuvunja sheria. Mishtuko ikapungua, mtoto akapata wiki kadhaa mfululizo za utulivu. Fedha zilipowaishia walirudi nyumbani, na nyumbani mafuta yale yalikuwa haramu. Machi 20, 2018 Hannah alipeleka ombi lenye saini za watu zaidi ya 300,000 kwenye ofisi ya Waziri Mkuu, akakutana na Theresa May ana kwa ana. Alitoka na ahadi. Kibali cha Alfie kilipatikana Juni, siku chache baada ya kile cha Billy.

Nchi hiyohiyo ilikuwa ikilima bangi ya dawa kuliko nchi nyingine yoyote. Bodi ya Umoja wa Mataifa inayosimamia dawa za kulevya iliripoti kwamba mwaka 2016 Uingereza ilizalisha tani 95, karibu nusu ya uzalishaji wote halali wa dunia. Huko Norfolk, banda la vioo la hekta 18 la kampuni ya sukari, lililokuwa likikuza nyanya, liligeuzwa kuwa shamba la bangi kwa ajili ya GW Pharmaceuticals. Mama wa Kenilworth angeweza kuendesha gari hadi kwenye shamba lile na kurudi siku hiyohiyo. Tone moja hakuruhusiwa kumpa mwanawe.

Baada ya Billy na Alfie serikali iliharakisha. Sally Davies, mganga mkuu wa serikali, alipewa kazi ya kupitia ushahidi, akasema kwamba faida za kitabibu zipo kwa baadhi ya magonjwa. Julai 26 Javid alitangaza mabadiliko, na Novemba 1, 2018 sheria ikaanza kutumika. Bidhaa za bangi za tiba zilitolewa kwenye jedwali la vitu visivyo na thamani ya kitabibu zikawekwa pamoja na mofini, yaani dawa ya hatari lakini ni dawa. Magazeti yaliandika kwamba bangi sasa itapatikana kwa cheti cha daktari. Familia nyingi zilipiga simu kliniki asubuhi ileile.

Sheria, hata hivyo, ilikuwa na sharti moja zito. Daktari wa familia, yule anayemjua mtoto tangu chanjo ya kwanza, hawezi kuanzisha dawa hii. Anayeweza ni daktari bingwa aliyeorodheshwa na Baraza la Madaktari, tena katika fani yake: kifafa cha mtoto kwa bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto. Saini ilihama kutoka kwa waziri ikaenda kwa kundi dogo sana la watu, wenye foleni ndefu na desturi ya kutosaini wasichokijua.

Ndani ya NHS kuna njia zilizo wazi kweli, na mgonjwa azijue kabla ya kukata tamaa. Ipo nabiloni, kidonge cha maabara kinachofanana na THC, kwa wagonjwa wa saratani ambao kichefuchefu cha dawa zao kimeshindikana. Ipo Sativex, dawa ya kupulizia mdomoni kwa watu wenye maltipo sklerosisi, ugonjwa unaokakamaza misuli hadi mtu ashindwe kukunja goti. Wales ilikubali kuilipia mwaka 2014. England ilisubiri hadi Novemba 2019, pale taasisi ya NICE, inayoamua NHS ilipie nini, ilipotoa mwongozo wake. Mgonjwa hujaribishwa kwa wiki nne. Hutaja mwenyewe ukali wa mkakamao kwa alama kutoka 0 hadi 10, na nafuu isipofika asilimia 20 dawa husimamishwa.

Na ipo Epidyolex, ambayo nataka tuitazame kwa karibu, kwa sababu humo ndimo mtu anaona bangi ikiwa imegeuka dawa kabisa.

Ni chupa ya mililita 100. Ndani kuna CBD iliyosafishwa, ikiwa imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta na kutiwa ladha ya stroberi, kila mililita ikibeba miligramu 100. Huja na mabomba madogo ya kunyweshea, yasiyo na sindano. Chukua mtoto wa kilo 20. Wiki ya kwanza atapewa miligramu 2.5 kwa kila kilo, asubuhi na jioni, yaani miligramu 50 kila mara. Katika bomba hiyo ni nusu mililita, tone nene linalosimama kwenye mstari wa 0.5. Mama huligeuza bomba juu, hugonga kwa ukucha ili kiputo cha hewa kipande, kisha huisukumia dawa taratibu upande wa ndani wa shavu ili mtoto asipaliwe. Wiki ya pili hupanda hadi mililita 1. Mpaka wa juu, kwa aina mbili za kwanza za kifafa zilizoidhinishwa, ni mililita 2 kila mara. Damu hupimwa kuangalia ini, hasa mtoto akiwa anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Usingizi mwingi, kuharisha na kukosa hamu ya kula hutokea, na mzazi aambiwe mapema asije akadhani ni ugonjwa mpya.

NICE iliikubali Epidyolex Desemba 2019 kwa watoto kuanzia miaka 2 na watu wazima wenye sindromu ya Dravet au ya Lennox-Gastaut, itumike pamoja na dawa iitwayo klobazamu, na baada ya dawa nyingine mbili kushindwa. Mwaka 2023 ikaongezwa kwa kifafa kinachotokana na tuberasi sklerosisi. Kila miezi sita hesabu hufanywa: mishtuko isipopungua kwa asilimia 30, dawa inaondolewa. Kwa familia zilizomo katika majina hayo matatu mfumo umefanya kazi. Dawa inatoka kwenye famasia ya hospitali, na mzazi halipi senti. Naandika hili kwa furaha, maana kuna nyumba ambazo leo watu wanalala usiku kwa sababu ya chupa ile.

Alfie hayumo. Kifafa chake kina jina jingine, na mafuta yanayomsaidia yametengenezwa kwa mmea mzima, CBD ikiwa na THC kidogo ndani yake. Dawa ya namna hiyo haina leseni. Sheria inamruhusu bingwa kuiandika, lakini dhima yote, likitokea la kutokea, inabaki shingoni mwake. Chama cha mabingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto kiliwashauri wanachama wake kujihadhari na THC katika ubongo unaokua. NICE haikupendekeza wala haikukataza, na Machi 2021 ililazimika kufafanua kwamba ukimya wake usisomwe kama marufuku. Wengi walikuwa wamekwisha kuusoma hivyo.

Sitawatukana madaktari hawa. Valproeti niliyoitaja ni dawa iliyoandikwa kwa imani njema kwa miongo mingi, na maelfu ya watoto wa Uingereza walizaliwa na kasoro kwa sababu mama zao waliimeza wakiwa wajawazito bila kuambiwa. Daktari aliyekua kitaaluma katika kivuli cha habari kama hizo ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi. Majaribio makubwa ya mafuta ya mmea mzima kwa watoto hayajawa mengi. Lakini fani hiyohiyo ya watoto huandika kila siku dawa nje ya leseni zake, kwa sababu dawa nyingi hazikuwahi kujaribiwa kwa watoto, na hakuna anayeshtuka. Mzazi akimwonyesha bingwa video za mtoto kabla na baada, na kumbukumbu za hospitali za kipindi kile na kile, huo nao ni ushahidi. Ni wa mtoto mmoja, ni kweli. Lakini mtoto huyo ndiye aliyekaa kwenye kiti mbele ya daktari.

Na hata bingwa akikubali, saini yake peke yake haifiki famasia. Kamati ya dawa ya hospitali lazima iridhie. Kisha fedha. Kwa kuwa hakuna mwongozo unaoamuru NHS ilipie, daktari hujaza ombi la fedha kwa ajili ya mgonjwa mmoja, na ofisi ya eneo huuliza swali lake la kawaida: mgonjwa huyu ana nini cha pekee, kisichopatikana kwa wengine wenye ugonjwa kama wake? Ukijibu kwamba wako watoto wengine kumi wanaoteseka kama yeye, umelinyonga ombi lako mwenyewe, kwa maana si wa pekee tena. Ukijibu kwamba yuko peke yake duniani, utaulizwa unajuaje kwamba dawa itamfaa. Sijaona mahali pengine katika mfumo wa afya ambapo wingi wa wagonjwa unakuwa sababu ya kuwanyima.

Alfie alipata dawa yake kupitia NHS. Baada yake, idadi ya waliopewa mafuta ya mmea mzima kwa gharama ya umma ilibaki ya kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja kwa miaka. Aprili 2019, miezi mitano baada ya sheria mpya, mama mmoja kutoka Kent alitua katika uwanja wa Southend akitokea Uholanzi na dawa ya binti yake, na maofisa wakaichukua. NHS yenyewe ilifanya uchunguzi wa vizuizi mwaka huohuo, na Kamati ya Afya ya Bunge ilisema Julai kwamba matumaini ya familia yalikuwa yameinuliwa mno.

Waliobaki walikwenda kliniki za kulipia. Huko bingwa anapatikana, hata kwa video, na wagonjwa sasa ni makumi ya maelfu, wengi wao watu wazima wenye maumivu sugu, ambayo NICE haikuyaidhinishia bangi hata kidogo. Kwa mtoto mwenye kifafa kikali gharama imefika pauni 2,000 kwa mwezi. Watu wameuza nyumba. Wapo wanaoendesha harambee mtandaoni, mwezi baada ya mwezi, picha ya mtoto juu na kiasi kilichobaki chini. Kisha Januari 1, 2021 Uingereza ikatoka rasmi katika taratibu za Umoja wa Ulaya, na vyeti vya madaktari wake vikakoma kutambuliwa Uholanzi, ambako famasia moja ya The Hague ndiyo iliyochanganya mafuta ya watoto hawa. Ilani ilitolewa wiki chache kabla. Mtu hawezi kumbadilishia mtoto wa namna hii dawa kama anayebadilisha sabuni. Mafuta ya mtengenezaji mwingine yana uwiano mwingine. Uholanzi ikakubali kuendelea kwa muda, na familia zikapumua.

NHS ilianzishwa Julai 5, 1948, chini ya waziri Aneurin Bevan, kwa msingi kwamba mgonjwa atibiwe kwa hitaji lake na si kwa mfuko wake. Watoto wawili wenye ugonjwa mmoja na cheti cha bingwa mmoja, huyu anakunywa dawa kwa sababu baba ana nyumba ya kuuza, yule anaanguka kwa sababu wao ni wapangaji. Naamini kwamba jambo hili ni kosa, na kwamba lingeweza kurekebishwa bila sheria mpya.

Nasema lingeweza kwa sababu nimeona Afrika Mashariki ikifanya lililo gumu zaidi. Mofini inaogopwa kuliko bangi, na kwa haki. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, mofini ikichanganywa kuwa maji ya kunywa, ya bei nafuu, kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakifa kwa maumivu majumbani. Kikwazo kilikuwa kilekile: daktari ndiye pekee aliyeweza kusaini, na vijijini daktari hakuwapo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni. Wauguzi na matabibu waliopewa mafunzo maalumu ya kutuliza maumivu waliruhusiwa kuiandika mofini, na serikali ikaitoa bure. Walitazama ni nani yuko karibu na mgonjwa, wakamfundisha, wakampa kalamu.

Uingereza ingeweza kumfundisha daktari wa familia vivyo hivyo, aendeleze cheti kilichoanzishwa na bingwa. Ingeweza kuwalipia watoto wachache ambao tayari wanatumia mafuta haya na kuandika kwa makini kila kinachowatokea, ili huo uwe ushahidi unaodaiwa.

Kwa mzazi anayesoma hapa akiwa Birmingham au Leicester, mwenye mtoto wa kifafa sugu, nasema hivi. Usianze na mafuta ya dukani. CBD ya kwenye rafu za vipodozi si dawa na kipimo chake hakiaminiki. Omba rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto. Mwulize moja kwa moja kama mtoto anaangukia katika majina yale matatu, maana wapo watoto waliopata jina la ugonjwa miaka mingi baada ya mshtuko wa kwanza, na kipimo cha jeni kikabadilisha kila kitu. Akikataa mafuta ya mmea mzima, omba sababu kwa maandishi, na umwombe apeleke faili kwenye jopo la kitaifa la kifafa sugu, ambalo lipo ili bingwa asiamue peke yake. Usiikatishe ghafla dawa yoyote anayotumia.

Na nunua daftari, lile la shule la kurasa 96 linatosha. Piga mistari ya safu nne: tarehe, saa, muda, ulichokiona. Andika palepale, hata kwa kalamu ya nyusi kama ndiyo iliyo karibu. Jumanne, saa 9 na dakika 10 usiku, sekunde 40, ulianza mkono wa kushoto, macho yakaenda juu, akalala baada yake. Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna.